Jinsi ya kugeuza swali la maneno kuwa aljebra bila kujichanganya

Naulizwa kitu kilekile kila siku, kinabadilika sura tu. "x naianzia wapi?" "Nikiona zaidi ya si najumlisha tu?" "Mbona jibu langu limetoka hasi?" Sasa nimeamua niandike yote sehemu moja.

Wengi wanaosema mafumbo yamewashinda ukiwapa 3n − 7 = 26 wanaimaliza fasta, wala hawaombi msaada. Wape hiyohiyo kwa maneno, kimya. Hapo hisabati haina kosa, kosa liko kwenye kusoma. Tena kwa Kiswahili kinachotuponza sio misamiati mikubwa kama "kipeo" au "mlinganyo", ni vile vineno vidogo ambavyo macho yanaviruka: ya, kwa, na, ni, hadi, kutoka. Ukivishika hivyo umemaliza nusu ya kazi.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Karatasi na penseli. Penseli kweli, kwasababu utafuta sana.
- MAGAZIJUTO kichwani, yaani mpangilio wa kufanya hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa.
- Ujue kuwa 3n ni 3 mara n, n/4 ni n kugawanya kwa 4, n² ni n mara n.
- Kikokotoo weka mbali. Leo hatutafuti jibu, tunatafuta kuandika. Ukiandika sawa, jibu linajileta.

Hatua ya 1: Soma mpaka nukta ya mwisho, mkono usiandike

Najua inaboa. Lakini mtu anasoma sentensi ya kwanza anaona namba mbili, anazijumlisha, alafu sentensi ya tatu inamwambia kitu kingine kabisa na ameshaipenda ile hesabu yake hataki kuifuta. Soma yote. Alafu jiulize kitu kimoja tu: mwishoni wananiuliza nini?

Hatua ya 2: Ipe herufi namba usiyoijua, na uiandikie sentensi nzima

Usiandike "d = dada". Dada sio namba. Andika "d = umri wa dada sasa hivi, kwa miaka". Ndefu, ndio, lakini hilo neno "sasa hivi" litakuokoa baadaye, utaona kwenye mfano wa umri.

Herufi yoyote inafaa. Mi napenda n, maana x ukiiandika haraka inafanana na alama ya kuzidisha, na l inafanana na 1, na o ndo usiiguse kabisa. Vitu vikiwa viwili, usikimbilie herufi mbili kama kimoja unaweza kukieleza kwa kingine. Kaka kamzidi dada miaka 4? Basi dada ni d na kaka ni d + 4, imeisha.

Hatua ya 3: Je, hiki ni kirai au ni sentensi?

Kumbuka somo la Kiswahili. "Nusu ya namba" ni kirai, hakijasema kitu, ukimwambia mtu "nusu ya namba" anabaki anakuangalia anasubiri umalizie. "Nusu ya namba ni 8" hiyo ni sentensi, imetoa habari kamili.

Kirai kinageuka kuwa usemi wa aljebra: n/2, basi, hakuna alama ya sawasawa. (Kuna wanaoita mtajo, usiumize kichwa na jina.) Sentensi inageuka kuwa mlinganyo: n/2 = 8.

KOSA LA KAWAIDA: swali limesema "andika nusu ya namba ukipunguza 4", mtu anaandika n/2 − 4 = 0 alafu anatafuta n. Nani kakwambia ni sifuri? Umeombwa kirai, toa kirai.

Hatua ya 4: Tafuta "ni" kubwa, uikate sentensi vipande viwili

Kwenye kila sentensi ya mlinganyo kuna sehemu moja inayobeba alama ya =. Mara nyingi ni "ni", lakini inavaa nguo nyingi: "ni sawa na", "inakuwa", "unapata", "inabaki", "jibu lake ni", "inalingana na". Robert Recorde, yule Mwelshi aliyeanzisha alama ya = kwenye kitabu chake cha 1557, alisema kabisa kachora mistari miwili ili aache kurudiarudia maneno "ni sawa na". Kwahiyo na wewe unafanya kazi ileile aliyoifanya yeye, unafuta maneno unaweka mistari.

Chora mstari wa wima pale kwenye hiyo "ni" kubwa. Kushoto upande mmoja, kulia upande wa pili, na kuanzia hapo usichanganye.

Angalizo: sio kila "ni" ni kubwa. "Namba ambayo ni kubwa kuliko n kwa 5 ni 12." Hapo zipo mbili. Ile ya kwanza iko ndani ya "ambayo", inaielezea namba tu. Ya pili ndo inabeba =. Unapata n + 5 = 12.

Hatua ya 5: Tafsiri kila upande kipande kwa kipande

Hapa ndo penyewe, tukae kidogo.

*Toa ... kutoka.* "Toa 7 kutoka n" ni n − 7. Sio 7 − n. Najua 7 imetajwa kwanza, lakini mpangilio wa maneno na mpangilio wa alama ni vitu viwili tofauti. Ukisita, weka namba ya kawaida: "toa 7 kutoka 10", kila mtu anajua ni 3, na umeandika 10 − 7. Basi n ikae ilipokaa 10. Huu ujanja wa kuweka namba ya kawaida utautumia kila mahali, mi mpaka leo nautumia.

*Zaidi ya.* Hii inaua wengi. Linganisha hizi tatu:

- "4 zaidi ya n": n + 4
- "m ni zaidi ya n kwa 4": m = n + 4
- "m ni zaidi ya n": m > n

Ya tatu haikwambii imezidi kiasi gani, kwahiyo huwezi kujumlisha chochote, unalinganisha tu. Kwahiyo mbele ya "zaidi ya" tafuta kiasi: kipo mwanzoni au kimekuja na "kwa"? Jumlisha. Hakipo? Weka alama ya kubwa kuliko. "Pungufu ya" inafuata utaratibu huohuo kwa kutoa. Na ukikutana na "angalau 5" au "isiyopungua 5", hiyo ni ≥ 5, na "isiyozidi 5" ni ≤ 5, yaani 5 yenyewe imo.

*Kwa na hadi.* "Punguza n kwa 5" ni n − 5. "Punguza n hadi 5" maana yake ukimaliza imebaki 5, hujui umepunguza ngapi. Kwenye asilimia ndo inaumiza zaidi: "punguza n kwa asilimia 20" inakuachia 0.8n, "punguza n hadi asilimia 20 yake" inakuachia 0.2n. Kineno kimoja tu na jibu limekuwa robo ya lile la kwanza. Na tafadhali, kuongeza n kwa asilimia 20 sio n + 20. Ni asilimia 20 ya n yenyewe, kwahiyo n + 0.2n, yaani 1.2n.

*Mara.* "Mara tatu ya n" ni 3n. Lakini "toa 5 mara mbili kutoka n" hapo mara mbili inahesabu tendo, umetoa 5 alafu umetoa 5 tena, n − 10. Alafu kuna "mara tatu zaidi ya n", watu wengi wakisema hivyo wanamaanisha 3n, ila kuna wachache wanaong'ang'ania kuwa ni n na juu yake mara tatu, yaani 4n. Mi nachukua 3n, na kama we ndo unatunga swali usiitumie kabisa hiyo lugha.

*Gawanya.* "Gawanya n kwa 4" ni n/4, "gawanya 4 kwa n" ni 4/n, angalia nani anagawanywa. Mtego wake: "gawanya n kwa nusu". Mtaani tunamaanisha ikate vipande viwili, n/2. Kihesabu kugawanya kwa nusu ni n ÷ ½, ambayo ni 2n! Ukiiona kwenye karatasi ya mtihani soma mara mbili, na wewe ukitaka kusema n/2 sema "nusu ya n" ulale salama.

*Jumla ya, tofauti ya.* Haya maneno yanafungua mabano. Yanahitaji vitu viwili vilivyounganishwa na "na", na vyote viwili vinaingia ndani.

- "Mara mbili ya jumla ya n na 3": 2(n + 3)
- "Jumla ya mara mbili ya n, na 3": 2n + 3

Jaribu n ikiwa 10. Ya kwanza 26, ya pili 23. Maneno yaleyale karibu yote, yamebadilishana viti tu.

Kwenye "tofauti ya" kama unajua nani mkubwa, mkubwa anatangulia. Kama hujui, fuata mpangilio waliotaja: tofauti ya n na 9, andika n − 9.

*Kisha, halafu, jibu lake.* Ukiona haya, zungushia mabano kila kitu ulichoandika mpaka hapo. "Jumlisha n na 3, kisha zidisha kwa 2" ni (n + 3) × 2. Ukiandika n + 3 × 2 bila mabano, MAGAZIJUTO inazidisha kwanza 3 na 2, umeharibu.

*Kipeo na kipeuo.* Herufi moja tu, u, imeingia katikati. Kipeo cha pili cha n ni n², kipeuo cha pili cha n ni √n. Kipeo cha pili cha 9 ni 81, kipeuo chake cha pili ni 3. Unaweza kuona mwenyewe hasara ya kusoma harakaharaka.

*Namba zinazofuatana.* n, n + 1, n + 2. Zikiwa shufwa (kama 2, 4, 6): n, n + 2, n + 4. Zikiwa witiri: n, n + 2, n + 4 hivyohivyo! Watu wanaandika n + 1 na n + 3 kwasababu 1 na 3 ni witiri. Hapana. Kutoka 7 kwenda 9 umeruka 2.

*Tarakimu.* Namba ya tarakimu mbili yenye a kwenye makumi na b kwenye mamoja ni 10a + b. Sio ab, maana ab ni kuzidisha.

Hatua ya 6: Isome aljebra yako kwa sauti, kwa Kiswahili, alafu ipe namba

Chukua hii: "Kwenye chuo, kwa kila mwalimu mmoja kuna wanafunzi 6." m ni idadi ya walimu, n ni idadi ya wanafunzi. Andika mlinganyo kabla hujaendelea kusoma.

Umeandika 6n = m? Hauko peke yako. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 1981, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi walipewa swali la namna hii na zaidi ya theluthi wakakosea, wengi wao kwa kugeuza hivyohivyo. Kinachotokea ni kwamba macho yanaona "wanafunzi 6" na mkono unaandika 6n, kana kwamba n ni neno "mwanafunzi". Ndo maana kwenye hatua ya 2 nilikataa "d = dada".

Sasa ipime. Walimu 2, basi wanafunzi 12. Weka kwenye 6n = m: 6 × 12 = 72, na m ni 2. Hapana. Weka kwenye n = 6m: 12 = 6 × 2. Ndiyo. Sekunde kumi tu.

Hatua ya 7: Ukishapata jibu, lirudishe kwenye maneno

Sio kwenye mlinganyo wako! Mlinganyo ukiwa mbovu, jibu lake litaukubali vizuri tu. Rudi kwenye swali lenyewe lilivyoandikwa.

Tufanye moja taratibu

"Umri wa kaka ni mara tatu ya umri wa mdogo wake. Baada ya miaka 6, kaka atakuwa na umri mara mbili ya mdogo wake. Mdogo ana miaka mingapi?"

n = umri wa mdogo sasa hivi, kwa miaka. Kaka sasa hivi: 3n. Sentensi ya kwanza nimeshaitumia hapo, siigusi tena.

Sentensi ya pili inaongelea wakati mwingine, kwahiyo natengeneza kijisanduku pembeni: mdogo n, baada ya miaka 6 atakuwa n + 6. Kaka 3n, baada ya miaka 6 atakuwa 3n + 6. Alafu natafuta ile "ni" kubwa, hapa imevaa "atakuwa na umri". Kushoto kaka wa baadaye, kulia mara mbili ya mdogo wa baadaye.

3n + 6 = 2(n + 6)

3n + 6 = 2n + 12, kwahiyo n = 6. Mdogo ana 6, kaka 18. Miaka 6 mbele: 12 na 24, mara mbili kweli.

Sasa angalia makosa mawili ninayoyaona sana hapa. Kuna anayeandika 3n + 6 = 2n, kamzeesha kaka kamsahau mdogo. Anapata n = −6, yaani mdogo atazaliwa miaka sita ijayo. Mwingine anakumbuka kuwazeesha wote ila anaacha mabano, 3n + 6 = 2n + 6, anapata n = 0: mdogo kazaliwa leo na kaka naye kazaliwa leo. Jibu likikuchekesha, usilifiche, linakwambia wapi pa kurudi.

Ukikwama

*Umri au urefu umetoka hasi.* Angalia kwanza kutoa kwako, karibu kila mara umegeuza "toa kutoka". Kama kuna "baada ya miaka", angalia umewaongeza wote.

*Herufi zimefutika zote, imebaki 0 = 0.* Umetumia habari moja mara mbili. Kuna sentensi kwenye swali hujaigusa, itafute.

*Imebaki kitu kama 5 = 8.* Upande mmoja umeutafsiri vibaya, au mabano yamepotea. Anza upya hatua ya 5, usikarabati.

*Nina herufi mbili na mlinganyo mmoja.* Hesabu sentensi zenye habari. Kila moja inatakiwa ikupe kitu.

*Jibu sio namba nzima.* Inaweza isiwe kosa. Kwenye mafunjo ya Rhind, hati ya kale ya hesabu ya Misri, ya kama mwaka 1550 kabla ya Kristo, kuna swali la lundo ambalo ukilijumlisha na sehemu yake ya saba unapata 19. n + n/7 = 19, jibu ni 16 na 5/8, na hakuna aliyekosea. Ila kama n ni idadi ya watu, hapo ndo uwe na wasiwasi.

*Nimepata n lakini nimekosa swali.* Ulipata mdogo, waliuliza kaka. Hatua ya 1 hiyo.

*Namba zimekuwa za ajabu, kubwa mno au ndogo mno.* Vipimo. Umechanganya miezi na miaka, au sentimita na mita.

Jaribu hizi, usichungulie chini

a) Punguza nusu ya n kwa 4.
b) Toa n kutoka 20, kisha zidisha kwa 3.
c) Jumla ya namba tatu witiri zinazofuatana ni 57.
d) Urefu wa mstatili umezidi upana kwa sentimita 5, na mzingo wake ni sentimita 46.
e) Namba ina tarakimu mbili, ya makumi ni mara mbili ya mamoja. Ukizibadilisha nafasi, namba inapungua kwa 27.

Majibu: a) n/2 − 4, kirai hicho, usitafute n. b) 3(20 − n). c) n + (n + 2) + (n + 4) = 57, namba ni 17, 19, 21. d) upana n, 2(n + n + 5) = 46, upana 9 urefu 14. e) mamoja b, makumi 2b, namba ni 20b + b, ikigeuzwa ni 10b + 2b, kwahiyo 21b − 12b = 27, b ni 3 na namba ni 63. Kama kwenye e) ulianza na kuzidisha tarakimu, rudi pale kwenye tarakimu usome tena.